Maji Yako Wapi?

Jumatatu, tarehe 3 Februari

Donki imefungwa, wiki ya pili sasa. Donki ni mtambo wa kuvuta maji ya kisima, na hapa mtaa wa Hai Malakal, Juba, hatuna mwingine. Neno hili nimeliweka katika ngeli ya I-ZI. Wenyeji hawajaliweka popote.

Bwana Lino, mkuu wa donki, amebandika tangazo langoni. Mtambo una hitilafu. Aidha, wakazi wasipoonyesha utulivu, utapakiwa Ijumaa upelekwe Nesitu, kule barabarani malori ya Nimule yanakolala. Hitilafu! Nilichungulia langoni nikamwona fundi wake amelala kwenye kivuli cha mtambo, mikono safi kama ya askofu.

Wakati huohuo malori ya maji yanapita mtaani tangu alfajiri, na Jerioth, mke wangu, ananunua pipa baada ya pipa kwa ajili ya hoteli yake ya chai na chapati. Ametamka leo kwamba mtambo ukienda Nesitu atafunga hoteli na kurudi Kakamega. Nikauliza, na mimi je? Akasema mimi nina miguu. Nikamweleza kwamba hili ni suala la kitabaka. Akasema ni suala la sufuria chafu, Mwalimu, na nisogeze kiti apite.

Habari njema: watu wameandamana! Habari mbaya: wameandamana kwa adabu. Kiongozi wao ni Susan, fundi wa nguo aliyekulia uhamishoni Koboko. Wanawake walisimama nje ya lango na madumu yaliyosuguliwa yakang'aa, pembeni kabisa mwa njia ili bodaboda zipite. Gaetano, katekista, akafungua kwa sala. Akamwombea Bwana Lino. Afya! Kisha wimbo mmoja, kisha kila mtu akaenda kazini kwake.

Na kitambaa chao! MAJI IKO WAPI? TUNAOMBA, TAFADHALI. Niliposoma "maji iko" nilihisi maumivu ya jino ambalo nilishang'oa.

Waliberali hawa. Wana hasira ya kutosha, lakini wameitia sukari. Nilipokuwa chuoni Dar es Salaam tulifundishwa la kufanya na watu wa namna hii: unawasogeza kushoto, hatua kwa hatua, bila wao kujua. Kazi hiyo inahitaji mtu mzima mwenye msimamo na sarufi. Sioni mwingine mtaani.

Jumanne, tarehe 4 Februari

Nimeanza. Nilivaa koti langu la kijivu na miwani nyeusi (jua la hapa halina huruma), nikaenda langoni, nikangoja sala iishe. Nikapaza sauti: "Makomredi!"

Mama mmoja aliyekuwa akimwita Lino fisi alianza ghafla kusifu barabara mpya. Gaetano akaficha simu ndani ya vitabu vya nyimbo. Susan alinitazama kuanzia viatu hadi miwani, akaniuliza, kwa heshima, "Nani alituma wewe?"

Nikamjibu kwamba nimetumwa na Historia.

Akauliza hiyo Historia ofisi yake iko upande gani.

Nikasema haina ofisi. Akatikisa kichwa polepole. "Hata wale, mzee, nasema hivyo hivyo. Ofisi hapana." Sikuelewa maana yake, lakini nimeiandika. Niliandika pia nani alisimama wapi, maana mwanaharakati asiyejua watu wake ni mchungaji wa kondoo wa jirani. Kila nilipoinua kalamu watu walirudi nyuma. Mwishowe nilibaki peke yangu na dumu la mtu.

Mashaka yangu yanazidi. Kundi linaloshtuka likiitwa makomredi lina jambo. Kuna kibaraka kati yao. Namkazia macho Omondi, jirani yetu, Mkenya mwenzangu anayefanya kazi benki. Alikuja na tai, akasema suluhisho ni mazungumzo. Mazungumzo! Halafu akapiga picha ya donki. Picha ya nini? Donki haiendi popote. Ila Nesitu, Ijumaa.

Jumatano, tarehe 5 Februari

Semina ya kwanza ya itikadi, hotelini kwa Jerioth, saa ya chai. Mada: Tofauti kati ya Kuomba na Kudai. Walikuja wengi kuliko nilivyotarajia, ingawa wote walitaka kuketi karibu na mlango.

Nikachukua mahudhurio. Wanawake wote waliitwa Maria. Mwanamume mmoja pia aliitwa Maria, kisha akajirekebisha akawa Yosefu. Inawezekana ni Wakatoliki sana.

Nikafundisha. Anayeomba anakubali kwamba mali ni ya mwingine. Anayedai anajua kwamba mali ni yake. Kwa hiyo, futeni "tunaomba", andikeni "tunadai"! Susan akanyoosha mkono. Alisema kudai ni ya deni. Wao hapana kopesha Lino kitu, watadai yeye namna gani? Nikamwambia jamii nzima imemkopesha. Mama mmoja wa nyuma akaomba kufahamu ni lini, maana yeye siku hiyo hakuwako, alikuwa Arua kwa mazishi.

Nikaiacha sarufi nikaingia uchumi. Nikachukua chapati. Huyu anakanda, nikasema, huyu anachoma, lakini nani anakula? Jerioth, aliyekuwa jikoni ametupa mgongo, aliuliza yule asiyekanda, asiyechoma, asiyelipa, lakini anakula, yuko tabaka gani. Wakacheka hadi chai ikamwagika. Mara ya kwanza nimewaona wakicheka mbele yangu. Nilitazama nani alicheka zaidi. Omondi.

Mwishoni nilimwuliza Gaetano anaonaje mabwanyenye. Akasema anawapenda wote, na wale wa juu yao, na walinzi wao, Mungu awape maisha marefu. Macho yake yalikuwa kwenye kalamu yangu. Mtu huyu ni mliberali hadi kwenye uboho.

Jerioth ameshusha begi kutoka juu ya kabati. Amesema anapangusa vumbi tu.

Alhamisi, tarehe 6 Februari

Omondi amejifichua!

Alinivuta kando ya kibanda cha mkaa akaongea kwa sauti ya chini. "Mwalimu, nakuheshimu kama mzee wangu. Lakini wacha hiyo neno komredi. Hapa wanaoitana hivyo ni wakubwa waliotoka msituni, wale wa magari ya vioo vyeusi. Ukimwita mama wa mboga komredi, na hiyo koti, na hizo miwani, na unaandika jina yake, anajua umetumwa kumchunguza. Mtaa mzima inasema wewe ni usalama."

Nilimsikiliza hadi mwisho. Kwanza: neno hilo, koti hilo, miwani hiyo, jina lake, mtaa mzima unasema. Makosa matano katika pumzi moja, na mtu ana shahada. Pili, na hili ndilo zito: nani hunufaika vuguvugu likinyang'anywa msamiati wake? Adui. Nani ametumwa kuninyang'anya? Omondi. Nikamshukuru kwa upole wenye ncha. Akaniambia karibu, Mwalimu. Hakuona ncha.

Kesho ndiyo siku ya lori la Nesitu. Hakuna muda wa semina nyingine. Kwa bahati Susan huacha kitambaa chao hotelini, chini ya mfuko wa unga. Jerioth alipokwenda Hai Jalaba kununua mafuta, nilichukua chokaa na ile rangi nyekundu iliyotumika kuandika jina la hoteli.

Mpango: kufuta kila kitu na kuandika TUNADAI! MAJI, ARDHI NA VIWANDA KWA WAVUJAJASHO! Kwa chokaa niliua TUNAOMBA. Nikaua TAFADHALI, nikaipaka mara mbili. Lakini nilipofika kwenye MAJI IKO, mkono ulikataa kuendelea. Mapinduzi yasiyo na upatanisho wa kisarufi ni ghasia tu. Nikaona nianze hapo. Maji ni ngeli ya YA-YA, umoja maji, wingi maji. Nikafuta I, nikaweka YA, nikapitisha rangi juu ya maneno yote matatu yawe manene, yaonekane hadi barabara kuu.

Rangi ikaisha.

Basi kitambaa kinasema MAJI YAKO WAPI? Hakuna zaidi. Si ilani kamili, lakini angalau ni sahihi. Viwanda nitavitaja kwa mdomo.

Ijumaa, tarehe 7 Februari

Siku ya kihistoria, na imeharibiwa.

Lori la kubeba mtambo lilikuwa limeshaegeshwa langoni, minyororo chini. Mtaa wote ulikuwa nje. Jerioth pia, na sufuria yake kubwa, tupu, kichwani kama kofia ya chuma. Hakunitazama.

Susan akakunjua kitambaa. Akasoma. Akasoma tena. "Maji yako? Ya nani, mzee? Sisi iko natafuta ya kwetu." Mnong'ono ukapita kwa wanawake: maji yake, maji ya Lino, ati Lino ana maji. Nikawaeleza kwamba "yako" hapa si kimilikishi bali ni kitenzi cha mahali chenye kiambishi cha ngeli ya sita. Hakuna aliyesikia. Ningekuwa darasani ningewasimamisha juu ya benchi.

Ndipo Lino akatoka. Alikuja akitabasamu, mikono nyuma. Alipofika kwenye kitambaa tabasamu lilisimama. Midomo ikacheza. Maji. Yako. Wapi. Akamtazama Susan, kisha akaniona mimi, koti, miwani. Nikatoa kalamu ili niandike namna adui anavyosoma.

"Habari za asubuhi, komredi," nikamwambia. Kejeli, bila shaka.

Uso wake ukawa kama majivu ya mkaa uliomwagiwa maji. Akanisogelea, akauliza kwa kunong'ona, "Nani aliambia wewe?" Nikamjibu kwa sauti ya semina kwamba wananchi hujua yote.

"Ile malori mbili ya Hai Jalaba?"

"Yale malori mawili," nikasema. Nimefundisha maisha yangu yote. Kosa likipita mbele yangu siwezi kulinyamazia, hata kama anayekosea ni adui.

"Na ile ya shemeji yangu?"

"Lile la shemeji yako."

"Na wakubwa nao... iko najua?"

"Nao wanajua," nikamsahihisha, kwa ukali kidogo, maana sasa ilikuwa inachosha.

Nyuma yangu Susan alisema kumbe! Akalitangaza jambo hilo kwa Kiarabu cha Juba ili walio mbali wasikie: malori yote yanayouza maji mtaani ni ya Lino na shemeji yake, na ndiyo maana donki ikafungwa. Lino, ambaye hakuna aliyekuwa amemwuliza kitu, akapayuka kwamba hitilafu imepona asubuhi hiyo hiyo. Akampigia fundi kelele. Fundi akainuka, akajinyoosha, akavuta wenzo mmoja. Mtambo ukanguruma. Lino akaniwekea ufunguo wa donki mkononi kwa mikono miwili, akaniita komredi, akapanda lile lori la minyororo, likaondoka naye.

Lino sikuwa nimemshuku. Adui anayejulikana nimshuku ya nini? Nilikuwa na kazi nyingi na Omondi.

Nikapanda juu ya jiwe nianze hotuba, sehemu ya viwanda. Watu wote walikuwa wameshanipa mgongo. Maji yalikuwa yanatoka.

Jumamosi, tarehe 8 Februari

Mtaa umelewa kwa furaha. Jerioth anaimba juu ya sufuria. Begi limerudi kabatini. Hoteli imejaa na kila anayeingia ananiamkia, "Shikamoo, afande." Mimi si afande. Nimewaambia. Wakasema ndiyo, afande.

Nafungua donki asubuhi, naifunga jioni. Ufunguo unakaa mfuko wa ndani wa koti. Susan aliniletea dumu lililojaa, la kwanza kabisa, akasema ni la shukrani. Nililikagua. Kwa nini mimi? Kwa nini la kwanza?

Na hapa ndipo moyo wangu unapouma. Hawaongei siasa tena. Niligusia ardhi, wakaongea maharagwe. Niligusia wavujajasho, mama mmoja akaniambia nikaoge, maji sasa ni mengi. Nilimwuliza Gaetano vuguvugu limefikia wapi. Akasema limefika nyumbani, afande, linafua.

Ndiyo hila ya uliberali! Unampa mtu maji, anasahau kiu. Lazima kuna aliyepanga ushindi huu ili kutumaliza. Omondi alikuja hotelini leo akanunua chapati sita akitabasamu.

Jumapili, tarehe 9 Februari

Nimechukua uamuzi mgumu.

Baada ya misa niliwakusanya nje ya kanisa. Nikatangaza kwamba donki itafungwa kwa muda wa elimu. Nitaifungua siku watakapoacha kuomba na kuanza kudai. Hili si adhabu, nikasema, ni darasa.

Wakarudi nyuma kama siku ya kwanza. Susan aliuliza kama ni amri kutoka juu. Nikasema inatoka juu kuliko kote: kwa Historia. Akasema basi hiyo Historia sasa imefungua ofisi.

Wametii. Hilo nalo limenikera. Watu wazima wanatii tu! Wengine walinipungia mkono wakiondoka na madumu matupu. Mchana, lori la maji lilipita mtaani kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi. Dereva alinipigia honi kirafiki.

Jerioth ameshusha begi. Safari hii hakutaja vumbi. Nilimwambia kwamba Lino alifunga donki kwa ajili ya faida, mimi nimeifunga kwa ajili ya fikra, na tofauti hiyo ni kubwa kama mbingu na ardhi. Akaniinamishia sufuria nione ndani. Akaniuliza tofauti hiyo iko wapi humo. Nilitazama. Kulikuwa na ukoko wa uji.

Jumatatu, tarehe 10 Februari

Ushindi!

Asubuhi nilisikia wimbo. Nikatoka hotelini, tunakolala chumba cha nyuma, kwa shuka na miwani. Wanawake wamesimama mbele ya mlango wangu, pembeni mwa njia ili bodaboda zipite. Madumu yamesuguliwa. Kitambaa ni kile kile, MAJI YAKO WAPI?, na chini, juu ya chokaa yangu, mtu ameandika upya TAFADHALI. Gaetano alikuwa anamwombea mtu afya. Nilisikiliza. Mtu huyo nilikuwa mimi. Na katikati yao, begi mkononi, alisimama Jerioth.

Nilipandwa na hasira. Wiki nzima nimefundisha, na bado tafadhali! Nikawakemea pale pale. Mnasimama pembeni kwa nini? Ingieni katikati! Mnaimba nini? Pazeni sauti! Nani amewaambia mali ya wote huombwa kwa mtu mmoja?

Susan alisikiliza kwa makini, kama mwanafunzi wangu bora. Akauliza: kwa hiyo, mzee, kama mtu mmoja iko nashika kitu ya watu wote, sisi hapana omba yeye?

"Kamwe!" nikasema.

"Na mazungumzo?"

"Mazungumzo ni mtego!"

"Basi sisi nachukua?"

"Mnachukua!" Nilikaribia kulia kwa furaha. "Mnachukua kilicho chenu!"

Wakachukua. Waliingia hotelini kama mafuriko. Gaetano alinishika mikono yote miwili, kwa upole, bado akiniombea. Jerioth ndiye aliyewaonyesha koti, na mfuko wa ndani. Susan akatoka na ufunguo ameuinua juu, na wote wakapiga vigelegele ambavyo sijawahi kuvisikia Hai Malakal. Mlangoni aligeuka. "Shukran, komredi," akasema, na wanawake wakacheka, na hakuna hata mmoja aliyerudi nyuma.

Donki inanguruma tangu hapo. Ufunguo wanapokezana, nyumba kwa nyumba. Jerioth amefungua begi. Ameniambia sufuria ni zangu leo, zote, na mchanga wa kusugulia uko nyuma.

Nimesugua nikiwaza. Wale waliosema tafadhali asubuhi hawawezi kunyakua mtambo kabla ya chai ya saa nne bila kuchochewa. Nani amewatia maneno hayo makali vichwani? Nani aliwapa mbinu? Lazima yupo mtu. Nimepitia wote, mmoja baada ya mwingine, na nimefikia jibu. Omondi.

Nilipokwenda kuteka maji ya kusuuzia, nilipanga foleni kama mtu yeyote. Juu ya lango wametundika kibao kipya chenye mshale: MAJI IKO HUKU. Iko! Baada ya yote niliyowafanyia! Ni YAKO, jamani. MAJI YAKO HUKU.

Kesho nitanunua rangi.